Vihusishi, viwakilishi na wakati uliopita vifundishwe pamoja

Sentensi ya Kiingereza "She waited for him" ina maneno manne, na ndani yake kuna viwakilishi viwili, kitenzi kimoja cha wakati uliopita na kihusishi kimoja, "for". Kwa Kiswahili maana hiyo yote inabebwa na neno moja: "alimngoja". Kiambishi "a-" kinamtaja mtenda, "-li-" inaonyesha wakati, "-m-" inamtaja mtendwa, na kihusishi hakionekani popote kwa sababu mzizi wa kitenzi haukihitaji. Naamini kwamba makosa mengi ya Waswahili wanaosimulia mambo yaliyopita kwa Kiingereza yanaanzia hapo, katika kulifumua neno moja kuwa manne. Utaratibu wa kufundisha vihusishi katika sura moja, viwakilishi katika sura nyingine na nyakati katika sura ya tatu unamficha mwanafunzi pale hasa penye ugumu.

Anayeandika "She waited him" amepatia wakati na amepatia kiwakilishi. Kilichopotea ni "for", na kimepotea kwa sababu lugha yake haijapata kumdai kitu cha namna hiyo baada ya kungoja. Vivyo hivyo "alimsikiliza" inazaa "listened him", na "alimtazama" inazaa "looked him". Upande wa pili huingia kihusishi kisichotakiwa: "They discussed about it", kwa kuwa Kiswahili hukubali kujadili kuhusu jambo, au "She told to me", ilhali "told" humpokea mtu moja kwa moja na ni "said" ndiyo inayodai "to". Hakuna kanuni ya jumla itakayomwokoa mwanafunzi hapa. Kila kitenzi kina kihusishi chake au hakina, na njia ya uhakika ni kukijifunza kikiwa na kihusishi hicho pamoja na kiwakilishi kinachofuata, yaani kukariri "waited for him" kama kipande kimoja, badala ya kuandika daftarini kwamba "wait" ni ngoja.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Mswahili ni mgeni kabisa katika kazi ya vihusishi. Kauli ya kutendea hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na wakati mwingine hugeuza mambo juu chini: "alimkimbia" ni kumtoroka mtu, "alimkimbilia" ni kumwendea mbio. Kiingereza huitofautisha hali hizo kwa neno dogo lililo nje ya kitenzi: "She ran from him", "She ran to him". Mtu aliyekwisha kuelewa kwamba silabi moja ndani ya kitenzi inaweza kugeuza mwelekeo wa mbio hatashangaa kuona kwamba "ran after him" ni kumfukuzia mtu na "ran into him" aghalabu ni kukutana naye bila kutarajia. Nashangaa jinsi walimu wanavyoiacha hazina hii na kuanza na picha za mpira ulio juu ya meza na chini ya meza, ambazo hazina kitenzi chochote cha maana.

Jambo linalonivutia zaidi ni nafasi ya kiwakilishi. Tuchukue "She ran up the hill", alipanda kilima mbio, na "She ran up the bill", alilimbikiza deni. Kwa macho, sentensi hizi zinafanana mno. Ukiiondoa nomino na kuweka kiwakilishi, zinaachana mara moja: ya kwanza inakuwa "She ran up it" na ya pili "She ran it up". Katika ya kwanza "up" ni kihusishi halisi, kinachoshikamana na kilima, kwa hiyo kiwakilishi hukifuata. Katika ya pili "up" ni sehemu ya kitenzi, na kiwakilishi hulazimika kuingia katikati. Nomino ina uhuru wa kukaa pande zote mbili, "picked up the book" na "picked the book up", lakini kiwakilishi hakina uhuru huo: ni "picked it up" tu. Kwa hiyo anayetaka kujua neno dogo linafanya kazi gani aweke "it" mahali pa nomino, asikilize sentensi inakubali wapi. Kipimo hiki ni bora kuliko orodha ndefu za vitenzi vya maneno mawili ambazo watu hukariri na kuzisahau.

Liko pia suala la sikio, ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulipuuza. Katika "talked", alama ya wakati uliopita husikika kama "t" peke yake, na "to" inayofuata nayo inaanza na "t". Msemaji wa kawaida huziunganisha sauti hizo, kisha humeza "h" ya "him", na msikilizaji hubaki na kitu kisichotofautiana na "talk to him". Ajuaye lugha anatambuaje basi kwamba jambo limepita? Kwa "she" anasaidiwa na kile ambacho hakukisikia: wakati uliopo ungedai "talks", na kwa kuwa "s" haikusikika, jambo limepita. Kwa "they" msaada huo haupo, na lazima ategemee muktadha. Hali ni hiyo hiyo kwa vitenzi visivyobadilika kabisa kama "put": "She put it on" haina utata, ila "They put it on" inaweza kuwa ya jana au ya kila siku. Mwanafunzi anayeacha "-ed" katika maandishi huambiwa kuwa ni mzembe. Mara nyingi ameandika kwa uaminifu kile alichokisikia.

Katika kukanusha, makosa kama "She did not waited for him" yanatibika kwa urahisi kuliko tunavyodhani. Hakuna Mswahili anayesema "hakulimngoja". Anajua bila kufundishwa kwamba "-li-" huondoka na "-ku-" hushika nafasi yake, kwamba wakati uliopita hutajwa mara moja tu. "Did" inafanya kazi hiyo hiyo, na kitenzi hurudi katika umbo lake tupu.

Viwakilishi viwili vinapofuata kitenzi kimoja, matatizo huwa mengine. Kitenzi cha Kiswahili hakina nafasi ya viambishi viwili vya yambwa, yaani vya mtendwa au kitu kinachotendewa, kwa hiyo kitu kinachofahamika huachwa, na "alimpa" inajitosheleza. Mwandishi huyo huyo huandika "She gave him" na kuishia hapo, wakati Kiingereza kinamngojea ataje kilichotolewa: "She gave it to him". Na "to" hiyo si pambo. Kwa "explained" huwezi kuiepuka kamwe, maana "explained him it" haisemwi.

Kishazi rejeshi, yaani kile kinachoifafanua nomino kwa "-ye-" na mfano wake, kinatugeuzia kibao. "Mtu aliyemngoja" kwa Kiswahili ina utata, kwani haijulikani nani alingoja na nani alingojwa. Kiingereza hutenganisha vizuri: "the man who waited for her", na kwa upande wa pili "the man she waited for". Katika hiyo ya pili kihusishi kimebaki peke yake mwishoni, hakina kiwakilishi, na Mswahili aliyezoea kuiweka "-m-" hata katika urejeshi huona pengo na kulijaza: "the man she waited for him". Mshairi wa Kiingereza John Dryden alilalamikia vihusishi vya mwishoni mwaka 1672, na wako walimu wanaoendelea kumfuata kwa kudai "for whom she waited" hata katika barua ya kirafiki. Mimi nadhani wanawapotosha wanafunzi. Umbo hilo lina heshima yake katika maandishi rasmi, lakini mwanafunzi aanze na lile linalosemwa kila siku, aambiwe waziwazi kwamba "for" inabaki mahali pake na "him" haiongezwi, kisha apewe visa vifupi vya kusimulia ambamo umbo hilo litajirudia mpaka sikio lake liache kulitafuta "him" hilo.