Asilimia 80 Haimo Kwenye Sheria, Visa Yako Imo

Video fupi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Marekani zote zinaimba wimbo mmoja: agiza seti ya bunduki ya "asilimia 80", yaani ambayo haijakamilika, imalizie nyumbani, hiyo si bunduki, hakuna karatasi wala wa kukuuliza. Zinakera kwa sababu mwanzoni zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Ukweli wenyewe ni huu. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 inadai leseni kwa anayetengeneza silaha kama biashara. Anayejitengenezea kwa matumizi yake mwenyewe, na ambaye hayumo katika makundi yaliyokatazwa kumiliki silaha, haombi leseni kwa serikali kuu na wala halazimishwi na sheria hiyo kuichonga namba ya utambulisho. Kwa hiyo hata wale wanaotangaza kwamba Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kujitengenezea bunduki, nao wanapotosha.

Tatizo linaanzia kwenye hiyo asilimia. Kisheria, risiva, yaani kiwiliwili kinachobeba mfumo wa kufyatulia, ndiyo bunduki, au fremu ikiwa ni bastola. Mtutu, kitako na magazini ni vipuri tu, risiva ndiyo inayopigwa namba na ndiyo inayomlazimu mnunuzi kujaza Fomu 4473 ya ununuzi wa silaha na kukaguliwa rekodi zake. Risiva ambayo haijakamilika ndiyo wauzaji waliyoibandika jina la asilimia 80, kana kwamba kuna ofisi inayopima na kutoa cheti. Hakuna. Tarakimu hiyo haimo katika sheria ya 1968 wala katika kanuni za ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, na huwezi kuisimamisha mbele ya hakimu ikakutetea.

Kinachopimwa ni kama kipande hicho kinaweza kugeuzwa kuwa risiva au fremu kamili kwa wepesi. Kanuni ya ATF iliyoanza kutumika Agosti 24, 2022 inaangalia muda unaohitajika, urahisi wa kazi, ujuzi, zana, upatikanaji wa vipuri vilivyobaki, gharama, na mengineyo. Ndiyo maana vitu viwili vinavyouzwa kwa jina lilelile vinahukumiwa tofauti. Risiva ya bunduki ya aina ya AR ambayo pale panapokaa mfumo wa kifyatulio bado ni aluminiamu ngumu, haina tundu wala alama ya tundu, na inauzwa peke yake bila jigi (kiolezo cha kuelekeza pa kutoboa), zana wala maelekezo, ATF ilisema Septemba 2022 kwamba hiyo si risiva. Muuzaji huyohuyo akiiuza pamoja na jigi, jibu linaweza kugeuka. Na fremu za plastiki za bastola za aina ya Polymer80, barua ya ATF ya Desemba 27, 2022 ilisema ni fremu tayari, hata zisipoambatana na jigi. Anayekwambia "asilimia 80 ni halali" bila kukuuliza ni kipande gani na kinauzwa na nini, hajui anachokisema, au anajua na anataka pesa yako.

Kanuni hiyo ilipingwa Texas, jaji akaifuta mwaka 2023, rufaa ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Machi 26, 2025, katika kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok, majaji saba dhidi ya wawili waliiacha isimame. Jaji Neil Gorsuch, ambaye si adui wa wenye bunduki hata kidogo, ndiye aliyeandika uamuzi. Alieleza kwamba mtu ambaye hakuwahi kuiona seti ya Polymer80 kabla aliiunganisha ikawa bastola kwa dakika 21, akitumia zana za kawaida na video za mtandaoni. Alieleza pia kwamba mwaka 2017 vyombo vya usalama viliomba kufuatiliwa asili ya bunduki za namna hiyo takriban 1,600, na kufikia 2021 zilikuwa zimepita 19,000. Bunduki isiyo na namba ikiokotwa kando ya maiti, mpelelezi hana pa kuanzia. Naona mahakama ilifanya haki. Anayeuza seti ya dakika 21 anauza bastola, basi aipige namba na amkague mnunuzi.

Wapinzani wana hoja moja ninayowapa, ingawa kwa shingo upande. Neno "kwa wepesi" ni legevu mno kwa sheria inayoweza kumfunga mtu, na majaji walikuwa wanaipima kanuni kwa ujumla wake tu, hawakuamua kila kipande kilichoko sokoni. Bunge la Marekani lingeweza kuweka mpaka unaoonekana. Halijauweka.

Sasa nije kwenye linaloniuma, ambalo video zile hazigusi kabisa. Mtu aliyeingia Marekani kwa visa isiyo ya uhamiaji haruhusiwi kumiliki bunduki. Hapo wamo wanafunzi wa F-1, wa programu za kubadilishana za J-1, wafanyakazi wa H-1B na wageni wa matembezi wa B-2. Haijalishi ameinunua dukani, amepewa zawadi au ameiunganisha mezani kwake. Bunduki ya kujitengenezea haikwepi katazo hilo, inachokwepa ni ule ukaguzi ambao ungemzuia mapema. Dukani angejaza fomu, swali la uraia na visa lingemkuta, akarudi nyumbani mtu huru. Akijitengenezea hakuna wa kumshtua, mpaka siku polisi wanapofika kwa sababu nyingine kabisa na kuikuta kabatini. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, adhabu inafika miaka 15.

Zipo nafuu chache, na inayotajwa sana ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Lakini nafuu hiyo ni ya mwenye hadhi halali. Aliyepitiliza muda, au mwanafunzi aliyeacha masomo akapoteza hadhi, anaangukia kifungu kingine, na leseni ya uwindaji haimsaidii. Someni kesi ya Rehaif ya mwaka 2019. Kijana kutoka Falme za Kiarabu aliondolewa chuoni huko Florida, visa yake ya uanafunzi ikapoteza nguvu, akaenda kupiga shabaha kwenye uwanja wa kulipia. Akashtakiwa kwa kumiliki silaha. Mahakama ya Juu ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua hadhi yake, lakini mpaka kufika hapo alikuwa ameshahukumiwa na mahakama za chini. Na hakuwa ametengeneza chochote.

Mwenye grini kadi, wakiwemo walioipata kwa bahati nasibu, hazuiwi na kifungu hicho cha visa, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali naye hakuingia kwa visa ya namna hiyo. Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wengi wako hapo. Ila wasilale. Sheria ya uhamiaji inafanya hatia ya silaha kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, muda wowote baada ya kuingia. Kosa ambalo Mmarekani angelimaliza kwa kifungo cha nje linaweza kumrudisha baba wa watoto wanne Bujumbura baada ya miaka 20 ya kodi na kazi. Kabla ya kukubali kosa lolote la silaha mahakamani, hata lionekane dogo namna gani, mwanasheria wa uhamiaji aisome hati ya mashtaka kwanza. Mwanasheria wa jinai peke yake hatoshi.

Kisha kuna majimbo. California inakutaka uombe namba kwa idara ya sheria ya jimbo kabla hujaanza kutengeneza, si baada ya kumaliza. Ukishamaliza una siku 10 za kuichonga. Kama ni ya plastiki, ndani ipachikwe chuma cha pua cha aina ya 17-4 chenye uzito wa aunsi 3.7. Baada ya hapo unaitaarifu idara, na huruhusiwi kuiuza. New Jersey ilizibana seti hizi tangu 2018, New York ikapitisha sheria zake mbili mwaka 2021, Washington mwaka 2022. Maryland inakataza hata kuwa nayo tu bila namba tangu Machi 1, 2023. Kwa hiyo mtu aliyeiunganisha Texas bila kuvunja sheria, akapata kazi hospitali ya Baltimore, Maryland, na kuipakia kwenye gari pamoja na vyombo vya ndani, anakuwa mhalifu akivuka mpaka wa jimbo. Aende kwanza kwa muuza silaha mwenye leseni akiwa bado Texas. Chini ya kanuni ya 2022, muuzaji akiipokea kwenye daftari lake anatakiwa kuipiga namba ndani ya siku saba, au kabla ya kuitoa kama atawahi kuitoa. Namba inaanza na tarakimu tatu za kwanza na tano za mwisho za leseni yake, inachongwa kwa kina kisichopungua inchi .003 na herufi zisizopungua inchi 1/16. Lakini aulize kwanza kama Maryland itaikubali namba hiyo na aina hiyo ya bunduki. Jibu alitake kwa maandishi.

Yapo makosa mengine. Mtutu wa bunduki ya bega ukiwa chini ya inchi 16, ruhusa ya ATF ya kutengeneza, inayoombwa kwa Fomu 1, lazima iwe mkononi kabla ya kuunganisha. Ushuru wa dola 200 uliokuwa ukilipwa kwa ombi hilo umefika sifuri tangu Januari 1, 2026, ruhusa haijaondoka. Bunduki nusu otomatiki isiyo ya michezo iliyojengwa kwa vipuri vya nje ya nchi isizidi vipuri 10 kati ya vile vilivyoorodheshwa. Kuifanya ifyatue mfululizo ni marufuku kwa raia tangu Mei 1986. Na rafiki mwenye mashine anayekuachia ubonyeze kitufe ili ionekane umetengeneza mwenyewe, akifanya hivyo kwa wateja, ATF ilishasema tangu 2015 kwamba mtengenezaji ni yeye na anahitaji leseni.

Nyumbani tunajua kwamba fundi wa magobore asiye na kibali anakamatwa, kwa hiyo mtu akifika nchi ambayo kifurushi kinaletwa mlangoni na posta, anadhani kilicholetwa kimeshakubaliwa. Posta haikagui hadhi yako. Mwenye seti ndani ya boksi leo, na visa ya F-1 kwenye pasipoti, asiifungue, asiiuze kwa jirani, wala asiibebe kuipeleka popote. Ampigie mwanasheria kwanza, amwachie yeye kupanga namna ya kuikabidhi.