Gari Jipya la Mwaka 2013

Gari langu jipya limetengenezwa mwaka 2013. Mnaocheka, chekeni polepole, na lenu lilikuja hivyo hivyo. Ni Subaru XV. Limeshuka melini hapa Dar es Salaam likiwa na umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi, na nimelilipia mpaka ushuru wa uchakavu. Serikali inajua ni chakavu, fundi anajua, mimi najua. Mama Salma peke yake ndiye anayepiga simu kwao Pangani kutangaza kwamba baba Salma kanunua gari jipya. Basi ni jipya. Nitabishana naye na hela ya mafuta anachangia?

Tabu ya gari jipya ni washauri. Miaka yote niliyopanda daladala hakuna aliyewahi kuniuliza siti nimeipaka nini. Leo siwezi kufungua mlango mbele za watu bila mmoja wao kupitisha kidole kwenye dashibodi, akakitazama, akatikisa kichwa.

Halafu hili gari lina plastiki nyeusi jamani! Wajapani wamelizungushia plastiki isiyopakwa rangi kuanzia chini ya bampa, ikapanda kwenye madigadi yote manne, ikapita chini ya milango mpaka nyuma. Kwenye picha za mnada linapendeza sana. Picha zile zimepigwa Japani. Lete hapa, lianike kwenye jua la Januari, uone nyeusi inavyogeuka kijivu. Ile mionzi ya jua isiyoonekana inaivunjavunja plastiki ya juu juu, inaiacha na ukungu, na ukungu huo hauna sabuni. Ndani nako hivyo hivyo, dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani inapita nyuzi 60. Hapo unaweza kuacha mhogo asubuhi ukaukuta mchana umeanza kuwa na mawazo ya kuiva.

Dawa ya kwanza utakayopewa na kila mtu ni ya bure: paki kivulini. Haya, kivuli gani? Ofisini kwetu kuna mwarobaini mmoja, na chini yake kuna nafasi muda wote, hata saa nne asubuhi magari yakiwa yamebanana mpaka getini. Nikajiuliza wenzangu hawaoni? Wanaona. Juu kuna kunguru. Hawa ndugu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakavuka bahari wakaja bara, na huko njiani kazi waliyoletewa wakaisahau. Sasa wanafanya kinyume chake, juu ya boneti yangu. Na kinyesi cha ndege kikikaukia juani kinakula rangi, hivyo umekwepa jua la dashibodi umeipata hasara ya boneti. Mwembe nao unadondosha utomvu. Kwenye mnazi sithubutu kabisa, nazi ikishaanguka plastiki haitakuwa tatizo lako tena.

Tukaingia kwenye mambo ya ndani. Gari lilikuja na nailoni kwenye siti ya dereva, ile wanayovalisha wasafirishaji ili siti isichafuke. Mama mkwe alipokuja kulibariki, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaishika ile nailoni. "Mwanangu, hii usiitoe. Ndiyo upya wenyewe."

Unamjibu nini mama mkwe? Nikaendesha na nailoni. Kuilinda siti, inailinda kweli. Anayehitaji kulindwa ni mimi. Joto la Dar unalijua, mgongo unalowa kabla hujafika Mwenge, jasho halina pa kwenda, na ukiteremka nailoni inabanduka suruali kwa mlio ambao watu wa kituoni wanautafsiri wanavyotaka. Na unyevu ukinaswa humo chini unaanza kuota kuvu, harufu ya stoo. Niliitoa usiku, nikamwambia mama imechanika yenyewe.

Mama Salma naye akaja na vitambaa vyake vya kufuma: siti zote, mpaka boksi la tishu limevalishwa sketi. Nikamwonyesha pembeni ya siti palipoandikwa kuna mfuko wa hewa ndani, kwamba ukifunika hapo, siku ya ajali mfuko utaanza kwanza kupambana na kitambaa. Akaniuliza hiyo ajali nimeipanga lini. Vitambaa vipo.

Zawadi ya mwisho ya Pangani ilikuwa mafuta ya nazi. Chupa nzima, ya kukamua nyumbani, ya kupaka dashibodi. Kung'aa iling'aa, siwezi kusema uongo, na gari likanukia wali. Sisimizi nao wana pua. Walikuja kwa mstari kupitia tundu la kiyoyozi, wakapita mbele ya spidi mita, wakaenda zao upande wa abiria bila haraka.

Lakini hao ni ndugu, unawasamehe. Wanaonitoa roho ni vijana wa kuosha magari. Unamwambia, "Kaka, maji na sabuni tu, ndani pitisha kitambaa kibichi, usipake kitu." Anakujibu, "Sawa bosi." Ukirudi, gari zima linameremeta! Dashibodi ukiiangalia unajiona mpaka meno. Amelipulizia yale mafuta ya silikoni, tena ya bei ya jumla, na anasimama pembeni na tabasamu anasubiri umpongeze.

Mpongeze, halafu ondoka nalo saa saba mchana. Dashibodi yote inajichora kwenye kioo cha mbele, kati ya wewe na lori. Vumbi la Dar, ambalo zamani lilikuwa linapita na safari zake, sasa limepata pa kunata. Na kijana hakuishia hapo. Amepaka usukani, ukikata kona mkono unateleza. Amepaka siti, abiria wa nyuma anahama dirisha hadi dirisha. Ameinama mpaka chini akapaka pedeli za breki! Mwanangu, breki ing'ae ili nani aione? Ukikanyaga, kiatu kinaenda kwenye mafuta. Hapo sifanyi utani: vitu hivi havipakwi usukani wala pedeli, hata bure.

Nje nako kachukua polishi ya rangi, ile nyeupe nzito ya kopo, akalipitishia gari zima bila kubagua bati na plastiki. Bati likapendeza. Ile plastiki ina vinyweleo, polishi ikaingia humo ikakaukia, na gari langu likaenda kazini na bampa kama mtoto aliyekunywa uji akasahauliwa kufutwa mdomo. Nikalalamika. Akasema tatizo dogo, akaleta dizeli kwenye chupa ya maji ya kunywa aisugulie bampa, na matairi pia "yawe meusi bosi." Dizeli inalegeza mpira, tena taratibu, bila kukuaga. Nilimnyang'anya chupa.

Fundi wa rangi wa mtaani, mzee wa watu anayejua kazi, alipoona plastiki zile akasema zina dawa moja tu: moto. Kweli, ukiipitishia plastiki iliyofifia moto wa gesi kwa haraka, weusi unarudi ghafla mbele ya macho yako, mpaka unataka kupiga makofi. Na kweli, baada ya muda unapotea tena, maana plastiki uliyoiunguza bado iko kwenye jua lile lile. Ukizubaa kidogo bampa linakunja uso moja kwa moja. Nikamwuliza, na tangi la petroli liko upande gani? Akasema, "Ndiyo maana nawahi." Ila alinipa neno moja la maana: nisiruhusu silikoni kuzagaa kwenye bati, kwa kuwa siku nikitaka kupiga rangi, rangi itaikimbia na kuacha vishimo. Anaichukia silikoni mzee huyu. Akiisikia anatema mate.

Ndipo nikaenda Kariakoo kununua mwenyewe.

Ukisimama mbele ya rafu za dawa za magari utadhani umeingia duka la manukato. Chupa mia, zote zina picha ya gari ambalo hutalimiliki. Muuzaji akaanza na kichupa kidogo sana cha bei kubwa sana, dawa ya kupaka inayokauka ikawa ngumu. "Bosi, hii seramiki. 9H. Hata msumari haukwaruzi."

"9H maana yake nini?"

"Ugumu bosi. Tisa ni mwisho."

Ni mwisho kweli, mwisho wa penseli. Kipimo hicho ni cha penseli, hizi hizi za shuleni, HB ikiwa katikati na 9H ndiyo ngumu kupita zote kwenye kipimo hicho. Wanazikwaruza juu ya dawa waone ipi inaacha alama. Maana yake gari langu litakuwa salama dhidi ya mchora ramani. Mtaani kwetu watoto hawachori magari kwa penseli, wanatumia mawe. Hata hivyo sitaitukana seramiki, kwa plastiki za nje ndiyo inayokaa muda mrefu kuliko mafuta ya kupuliza, ambayo mvua mbili za vuli zinayashusha mpaka kwenye mtaro. Sharti uisafishe plastiki kwanza iwe safi haswa, la sivyo umefungia uchafu ndani ukiutunzia heshima.

Akahamia kwenye kopo la dhahabu. Nta ya kanauba, inatoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili, ndugu yake mnazi. Nikaona Pangani imenifuata mpaka Kariakoo. Nta nzuri, haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 80, lakini ni ya bati hiyo, na mimi habari ya uji nilishaimaliza.

Nikamweleza ninachotaka. Ya ndani, iliyotengenezwa kwa maji, yenye kinga ya jua, unaipaka kwenye kitambaa siyo moja kwa moja kwenye dashibodi, na ikikauka iache plastiki na sura yake ile ile. Isiyong'aa.

Akaniangalia kwa huruma. "Isiyong'aa, bosi? Sasa utajuaje kwamba umepaka?"

"Sitaki kujua. Nataka plastiki ndiyo ijue."

Akainama rafu ya chini kabisa, akatafuta, akatoa chupa akaipangusa vumbi kwa shati lake. 40,000. Nikaitazama ya jirani yake, kubwa mara mbili, inayong'aa, 8,000.

"Kaka, mbona hii isiyofanya kitu ndiyo ghali?"

"Kwa sababu hainunuliwi, bosi. Imekaa hapo tangu nifungue duka. Kodi ya fremu atanilipia nani?"

Tukavutana mpaka 35,000. Nikalipa. Alikuwa mtu mwungwana, alipoona nimeumia akanifungia kwenye mfuko na zawadi juu yake: kichupa cha ile inayong'aa.