Rimoti Haiwaki, Hukumu Imeshatolewa

Rimoti ya mashua yetu ya kuchezea imegoma kuwaka, na kabla sijapata hata bisibisi, mtaa mzima hapa Kirumba, Mwanza, umekwisha kutoa hukumu. Mashua yenyewe haina neno. Imetulia ndani ya beseni, ikisubiri amri kutoka kwenye kifaa ambacho hata taa yake nyekundu haioneshi dalili ya uhai. Nilipoinunua mtumba, nilimweleza mke wangu kwamba ni ya watoto, tena kwa sababu za kiafya, kwa kuwa mashua inayoendeshwa kutoka nchi kavu haimlazimishi mtu kutia mguu katika ziwa lenye kichocho. Aliniangalia tu.

Vifaa huharibika, hilo silalamikii. Kinachoniudhi ni watu kutibu kabla ya kupima. Jirani yangu, mvuvi mstaafu, aliniagiza nizianike betri juu ya bati, na jua likikosekana, nizing'ate. "Kijana wangu," alisema, "mimi nimesikiliza mpira miaka na miaka kwa betri za kung'atwa." Shikamoo nilikwisha kumpa, lakini betri sikuzing'ata. Mangi wa dukani naye alishauri betri mpya, na bila shaka ni sadfa tu kwamba yeye ndiye anayeziuza. Fundi simu wa kule Makoroboi hakujisumbua hata kuigusa: aliitazama kutoka upande wa pili wa meza yake akatangaza, "Bosi, bodi imekufa." Kwake bodi ndiyo hufa daima, iwe ni simu, redio au feni, na nina hakika ukimpelekea jiko la mkaa atakutajia bei ya bodi yake.

Mimi nina mita ya kupimia umeme. Rimoti hii hutumia betri 8 ndogo za volti 1.5, zilizopangwa kwa mfululizo ili zitoe volti 12, na katika mpangilio wa namna hiyo betri moja ikikata, au springi moja ya kushikia betri ikishika kutu, zile 7 zilizobaki zinakaa bure. Nilianza na ncha za kisanduku cha betri, nikakuta volti 12 na ushee. Kwa hiyo Mangi akatoka kwenye kesi. Kisha nikawasha swichi na kupima pale waya zinapoingia kwenye bodi, nikakuta sifuri. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, katika safari fupi kuliko upana wa kiganja, na bodi ilikuwa haijafikiwa na volti hata moja. Sasa ingekufaje?

Nikatoa betri na kuigeuza mita ipime njia kwa mlio: ikilia, njia ni nzima. Fyuzi ililia, swichi ikalia, waya nyekundu ikalia, waya nyeusi, ile ya hasi, ikanyamaza. Kwa nje ilikuwa nzima kabisa, laini na yenye kung'aa, lakini nilipolichuna ganda lake nilikuta unga wa kijani badala ya shaba. Betri za alkali zikivuja, majimaji yake hupenda kutambaa ndani ya ganda la waya ya hasi na kuila shaba polepole, mahali ambapo jicho halifiki, wala la fundi aliye upande wa pili wa meza. Lehemu haikukubali kushika kwenye shaba ya namna hiyo, na kila nilipokata nyuma kidogo kutafuta sehemu safi, unga ulikuwa umenitangulia. Ilibidi waya yote ing'olewe, na springi zisuguliwe kwa limau, kwani alkali hutulizwa na asidi.

Nilihitaji waya yenye urefu wa kidole. Muuzaji alisema hauzi chini ya mita moja, na nilipomweleza kwamba hiyo ingetosha kwa rimoti 10, akaniuliza kwa nini basi ninayo moja tu.

Jana jioni taa nyekundu imewaka. Jirani yangu alikuja kushuhudia, akainua macho hadi juu ya bati, ambako nilikuwa nimekianika kisanduku cha zamani cha betri baada ya kukiosha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona sasa, kijana wangu? Jua."