Usimlaumu Aliyezungusha Mpini

Watu wakiona waigizaji wa sinema bubu wanakimbia kama kuku waliotimuliwa, hucheka na kumlaumu mpiga picha. Wanamwonea bure. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono: mzunguko mmoja wa mpini ulipitisha fremu 8, yaani picha moja moja zinazounda mkanda, na kasi ya kawaida ilikuwa mizunguko 2 kwa sekunde, yaani fremu 16. Sinema za sauti zikaja na fremu 24. Mkanda wa dakika 15 uliopigwa kwa 16, ukiuonyesha kwa 24, unakwisha kwa dakika 10. Kosa ni la anayeuonyesha.

Na huo mzunguko haukuwa kazi ya mtoto. Ukilegea kutoka fremu 16 hadi 12, kila fremu inapata mwanga theluthi moja zaidi, picha inapauka. Ukikaza, inaingia giza. Mkono ukiyumbayumba, picha inapepesa. Siku za baridi kavu, umeme tuli ulichora matawi ya mti juu ya filamu, nawe hujui lolote mpaka uisafishe kwa dawa. Filamu yenyewe haikuona rangi nyekundu: midomo iliyopakwa rangi ilitoka nyeusi, anga la bluu likatoka jeupe tupu.

Mtazame Billy Bitzer, fundi umeme aliyeanza kupiga picha za sinema mwaka 1896. Kuanzia 1908 alipiga picha za filamu za mwongozaji D. W. Griffith, na sifa nyingi za kazi yao amebaki nazo Griffith. Lakini kuyeyusha tukio moja ndani ya jingine kulifanyika ndani ya kamera: unaziba lenzi taratibu huku ukizungusha na kuhesabu, unafunika, unarudisha filamu nyuma mizunguko ileile, kisha unafungua taratibu tukio la pili likianza. Ukikosea hesabu, umeharibu matukio yote mawili kwa mpigo, kwa kuwa yako kwenye negativu moja, ile filamu iliyopigwa ndani ya kamera. Mwongozaji angeweza kuagiza hayo. Kuyatoa kulitaka kiganja kilichozoea.

Mota ilipoanza kuendesha kamera kwa fremu 24 bila kuyumba, kiganja hicho kilipoteza soko. Bitzer alikosa kazi studio, na miaka yake ya mwisho alifanya kazi katika jumba la sanaa la Museum of Modern Art, New York, kwenye hifadhi ya filamu. Alifariki 1944.