Tusizimalize nyuzi zilizobaki

Mara kwa mara natumiwa video WhatsApp ya sindano inayodaiwa kuotesha neva za mgongo. Ya karibuni ilikuwa na panya: mwanzo anaburuta miguu ya nyuma, baada ya matibabu anatembea. Chini yake ndugu wa majeruhi wa bodaboda wanauliza bei, na mmoja anasema familia iko tayari kuuza kiwanja. Siwacheki. Maabara zimewahi kuwatembeza panya kweli, na sayansi ya jambo hili inanivutia kuliko mengi ninayosoma. Ila naona tunaisoma kuanzia mwisho, kwenye sindano, wakati kinachotuhusu zaidi watu wa Dar kiko mwanzoni kabisa, palepale barabarani mtu alipoangukia.

Ndani ya pingili za mgongo umepita ugwe wa neva, mwembamba na laini mno. Ukibanwa au kuchanika, amri za ubongo hazishuki na hisia hazipandi. Kwa muda mrefu wataalamu walikata tamaa. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobel mwaka 1906, aliandika kwamba kwenye ubongo na ugwe wa mtu mzima njia za neva zikishakufa hazioti tena. Kisha mwaka 1981, kule Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kiwe daraja pembeni ya ugwe. Nyuzi za neva zikakua ndani yake karibu sentimita 3. Zilipofika upande wa pili na kutaka kuingia tena kwenye ugwe, zikasimama. Uwezo wa kukua ulikuwapo siku zote. Mazingira ndiyo yaliyokuwa yanakataza.

Mmoja wa wakatazaji alikuja kupatikana Zurich. Martin Schwab na wenzake waligundua kwamba mayelini, ile ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva, ina protini zinazozuia ukuaji. Mwaka 1990 yeye na Lisa Schnell waliwapa panya kingamwili, yaani protini ya kinga, ya kuifunga mojawapo ya protini hizo, na baadhi ya nyuzi zikapita eneo la jeraha. Jeni yake ilipotambuliwa mwaka 2000 ikaitwa Nogo. Ncha ya uzi inapogusana na Nogo-A, aina mojawapo ya protini hiyo, vipokezi vilivyo juu yake hupeleka habari ndani, protini nyingine iitwayo RhoA inaamka, na ncha inajikunja kama iliyoungua.

Zipo pia protini zinazohimiza kukua, kama BDNF na NT-3. Kwa nini basi tusizimwage tu kwenye jeraha? Mkazi wa Dar anaijua hali hii: taa ya njia panda ni ya kijani, lakini trafiki amenyoosha mkono, na hakuna gari linalosogea. Zaidi ya hapo, BDNF hiyohiyo ikizidi au ikija mahali pasipofaa inaweza kuchochea maumivu na misuli kukakamaa. Hata kovu linaloziba jeraha, ambalo kwa miongo lilihesabiwa kuwa adui kwa sababu limejaa molekuli zinazozuia nyuzi, limeleta mshangao. Mwaka 2016 kikundi cha Michael Sofroniew, Los Angeles, kilizuia kovu hilo lisijengeke kwa panya. Nyuzi hazikuota. Kovu lilikuwa na kazi yake.

Ndiyo maana namkwepa yeyote anayeniuzia protini moja nzuri au kunionyesha protini moja mbaya. Saa za kwanza baada ya ajali, seli za kinga humwaga TNF-alfa na IL-1beta, ishara za kuita msaada. Msaada unafika na kufagia mabaki, lakini unaua na majirani waliokuwa wazima. Jeraha linatanuka kwa saa na siku kadhaa baada ya pigo lenyewe. Baadaye ishara nyingine, kama IL-10, hutuliza ghasia.

Na kwa binadamu? Kingamwili dhidi ya Nogo-A imejaribiwa Ulaya kwa watu zaidi ya 120 walioumia ugwe wa shingoni, wakichomwa ndani ya maji ya uti wa mgongo katika wiki za mwanzo. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2024. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, dawa haikushinda sindano isiyo na dawa waliyochomwa wenzao wa kulinganishwa nao. Uchambuzi wa ziada ulionyesha dalili ya nafuu kwa wale ambao ugwe wao haukukatika mawasiliano yote, waliokuwa bado na nyuzi chache zinazofanya kazi. Uchambuzi wa namna hiyo hautoshi kuwa ushahidi wa mwisho, lakini mimi nimeutilia maanani sana. Kama ishara hizi zitakuja kutibika, wa kwanza kufaidika huenda akawa yule aliyebakiwa na kitu.

Sasa tazama tunavyombeba majeruhi. Pikipiki imegongwa Barabara ya Mandela, kijana yuko chini, hasikii miguu. Wenye huruma wanamshika mmoja makwapani, mwingine magotini, wanamkunja katikati na kumsukumia kwenye bajaji, kichwa kikining'inia. Huruma hiyo ni ya kweli, na inaweza kumalizia nyuzi ambazo ajali ilizibakiza. Akifika hospitali, upasuaji wa kuondoa mfupa unaobana ugwe unapendekezwa ufanywe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Hapa kwetu saa hizo huliwa na foleni, rufaa, kutafuta vifaa, na familia kuchangishana.

Halafu wodini. Mwaka 2012 watafiti waliofuatilia wagonjwa wa ugwe waliripoti kwamba waliopata nimonia au maambukizi ya vidonda katika siku za mwanzo walirudishiwa nguvu kidogo kuliko wenzao. Ukikumbuka zile ishara za kinga, inaingia akilini. Kwa hiyo kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kuosha mikono kabla ya kugusa mpira wa mkojo na kumkohoza vizuri kunaweza kuwa sehemu ya tiba ya neva zenyewe. Tunazihesabu kuwa kazi za shangazi aliyekaa pembeni ya kitanda, na shangazi mwenyewe hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Mazoezi ya viungo nayo yanaonekana ya kupotezea muda, ingawa kwa panya yamepandisha BDNF ndani ya ugwe bila sindano yoyote.

Sisemi tuache kufuatilia utafiti. Wanafunzi wa Muhimbili wanaosoma baiolojia ya seli waendelee, tena waongezeke. Ila fedha kidogo tulizonazo ningezipeleka barabarani kwanza. Mpango wa m-mama umeonyesha kwamba inawezekana: mama mjamzito akipata dharura, namba 115 inapigwa bure, na pasipo gari la wagonjwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa anamchukua na kulipwa. Majeruhi wa ajali wastahili mpango kama huo, na waendesha bodaboda wawe wa kwanza kufundishwa, maana ndio wanaofika eneo la tukio kabla ya yeyote. Wajue kumwacha alale alivyo kama hakuna moto wala magari yanayokuja, mmoja ashike kichwa kisicheze, watu wanne au watano wamnyanyue kwa pamoja juu ya ubao au mlango ulionyooka. Vijiwe vina viongozi, daftari la michango na muda wa mchana abiria wanapopungua. Ubao wenyewe fundi seremala wa Keko anautengeneza. Kinachobishaniwa ni nani ataulipia na utatunzwa kijiwe gani.