Fundi wa reli aliyefukuzwa na jalada lisilofunguliwa tena

Fundi wa mabehewa kwenye reli za Marekani haruhusiwi kuingia chini ya behewa kabla ya kuweka bendera ya buluu relini, na usiku taa ya buluu. Ikishawekwa, treni hiyo haisogezwi, na hawezi kuiondoa ila mtu wa kundi lilelile la kazi lililoiweka. Fundi akijipenyeza bila bendera, hata kama ni kukaza nati moja tu, anaweza kupewa barua ya kufukuzwa.

Kampuni haikosi hoja. Mwaka 2008 huko Chatsworth, California, dereva wa treni ya abiria aliyekuwa akituma ujumbe kwa simu alipita taa nyekundu na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 25, naye akiwamo. Kungoja damu imwagike ndipo umwadhibu mtu ni kuchelewa.

Vyama vya wafanyakazi, kwa kawaida, havibishi umuhimu wa kanuni. Vinachohoji ni nani aliyesikiliza shauri, na hapo naona vina haki. Mkataba wa kazi unataka mtuhumiwa asikilizwe kabla ya adhabu, lakini kikao huongozwa na meneja wa kampuni ileile inayomshtaki. Mashahidi huhojiwa hapo, maneno yao huandikwa, jalada hufungwa. Mgogoro ukifika kwenye bodi ya kitaifa ya migogoro ya reli, iliyoundwa mwaka 1934 na yenye makao Chicago, mwamuzi hasikilizi shahidi yeyote upya. Anasoma jalada, anajiuliza kama lina ushahidi wa kutosha na kama adhabu inalingana na kosa. Nani aaminiwe kati ya fundi na msimamizi wake? Mara nyingi mwamuzi humwachia yule meneja aamue hilo. Mahakama nazo haziingilii ila kwa sababu chache mno.

Watetezi wa utaratibu huu husema mwamuzi anaweza kufuta adhabu kikao kikiwa na kasoro, kwa mfano fundi akinyimwa shahidi muhimu. Ni kweli. Ila meneja mjanja hamnyimi mtu shahidi. Anamsikiliza vizuri, kisha anamwamini msimamizi.

Ndipo huja ile hukumu ya katikati: fundi arudi kazini na haki zake za ukongwe, yaani zile zinazotokana na miaka yake ya kazi, bila mshahara wa muda wote aliokaa nje, ambao unaweza kupita mwaka. Kwa mtu mwenye rekodi safi ya miaka mingi aliyekiri kosa, naikubali. Kwa mtu ambaye kosa lenyewe lina shaka, hiyo ni faini ya mwaka mzima kwa jambo lisilothibitishwa.

Cha ajabu, njia nyingine ipo. Fundi anayeamini amefukuzwa kwa sababu aliripoti jeraha anaweza, kwa sheria iliyoimarishwa mwaka 2007, kulalamika Wizara ya Kazi ndani ya siku 180, na shauri likifika kwa jaji wa wizara, ushahidi husikilizwa upya. Mwenzake wa ile nati hana mlango huo.