Ngome nzima, benchi moja

Nina mimba ya miezi saba, na jana mimi na mume wangu tulikwenda kutembelea ngome ya kale. Ngome yenyewe nzuri mno. Ngazi za mnara sina neno nazo: ndivyo zilivyojengwa tangu kale, nyembamba na za kujipinda, nami nilibaki chini kwa hiari yangu. Kinachoniudhi ni benchi. Ua wote ule, benchi moja tu, tena juani! Mjamzito tumbo linamvuta mbele, viungo vya nyonga vinalegea, mgongo unawaka moto; kusimama dakika 20 kwenye foleni ni mateso. Halafu choo. Mtoto anakandamiza kibofu, kila mara lazima niende, na choo kiko nje ya lango, kule kwenye maegesho. Kurudi ndani, mlinzi anadai tiketi mpya. Tumbo analiona kabisa! Mume wangu alimbembeleza mpaka akachoka. Kuta za mawe hazibadilishwi, naelewa, lakini kiti cha mbao kinabomoa nini? Tuliondoka bila kuliona kanisa la ndani, nililolisubiri wiki nzima.